Mwana wa Barakana wa Rutamba

Saa sita mchana Apollinarie alilitoa zeze jipya kivulini, akalilaza juu ya bati la jiko, ngozi ikitazama jua. Aliangaza huku na huku kuhakikisha hakuna aliyemwona. Kisha akaingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kusubiri lipasuke.

Katika miaka arobaini ya ufundi hakuwahi kufanya jambo kama hilo. Ngozi mbichi ya ndama ikishawambwa kwenye bakuli la mti hukaa kivulini siku tatu, ijikaze yenyewe taratibu. Ukiiharakisha kwa jua, inavuta upande mmoja na kuchanika kwenye vigingi. Hata watoto wa Mishamo waliozoea kuchungulia karakana yake wanalijua hilo, na hao hata nyundo hawajui kuishika. Sasa fundi mwenyewe, mtu wa miaka sitini, ameketi mikono ikiwa katikati ya magoti, anasikiliza bati. Alikuwa anaogopa. Kilichomwogopesha kilikuwa safari.

Safari yenyewe mtu mwingine angeifanyia sherehe. Aline, kitinda mimba wake wa miaka kumi na minane, alipiga zeze kanisani siku ya mavuno. Mtu akamrekodi kwa simu, na rekodi ikatembea kutoka simu hadi simu mpaka ikavuka mpaka. Huko Burundi ikamfikia mwalimu mmoja aitwaye Gratien. Huyu kila likizo ya mwezi wa saba hukusanya wapigaji wa zeze la uzi mmoja, indingidi kwa Kirundi, kutoka nchi za jirani, nao hukaa wiki nzima kwenye shule ya mlimani wakifundishana. Gratien aliwaalika. Alitaka baba na mama nao waje, kwa sababu zeze hufundishwa nyumbani, alisema, na yeye alitaka kuwaona waliolifundisha. Hati za kusafiria walikwishazifuata Mpanda mjini, wakalala mtaa wa Nsemulwa kwa shemeji siku mbili. Gaudiose, mke wa fundi, alizaliwa hapo hapo Mishamo, wakati makazi yakiwa bado ya wakimbizi, na kwake yeye Mpanda ndiyo ilikuwa ng'ambo. Alishona vitenge vya sare vya watu watatu, akapita kuaga majirani, hata wale waliokuwa hawasalimiani.

Hadi hapo Apollinarie naye alijikaza, akijiambia wiki moja si nyingi. Kilichomvunja kilikuja jana yake jioni, ujumbe wa sauti ambao Aline aliufungulia uani, sauti juu kabisa, ili wote wasikie.

"Aline, mwanangu," Gratien alisema, "kuna mzee huku wa mlima wa Rutamba, anaitwa Libérat, ana miaka themanini na miwili. Amekusikia unavyojitaja kwenye rekodi. Amefurahi sana kwamba mtoto wa Rutamba anakuja. Anataka kujua huyo Barakana babu yako ni yupi, maana Rutamba yote anaijua. Atakuja mwenyewe kukusikiliza."

Mpigaji wa indingidi haanzi kupiga tu. Kabla ya kuugusa uzi anajitaja: jina lake, baba yake, babu yake na mlima wao. Asiyejitaja, wazee husema, anapiga zeze la wizi. Aline alifundishwa kujitaja tangu ana miaka sita, kabla hata mkono haujafika mwisho wa uta. "Mimi ni Aline wa Apollinarie, wa Barakana, wa mlima wa Rutamba." Aliyasema hayo akitabasamu, kama mtu anayefungua mlango wa kwao.

Na Barakana hakuwahi kuwepo.

Mwaka 1972 Apollinarie alikuwa na miaka saba. Baba yake aliitwa Misago, wa mlima wa Nyamugeri, mpiga zeze aliyejulikana pande zote mbili za mto. Mwaka ule kujulikana kulikuwa hatari. Watu walipita na orodha za majina, na aliyesomwa jina hakurudi nyumbani. Misago alimbeba mwanawe mgongoni, akavuka naye kuingia Tanzania, na mwandikishaji kambini alipomuuliza, alitaja mlima wa jirani na jina la kwanza lililomjia. Kisha akamkalisha mtoto nyuma ya turubai. "Baba yako nani?" "Misago." Akamzaba kofi. "Baba yako nani?" Ilichukua mchana mzima. Orodha inaweza kuvuka mto, Misago alisema. Haikuvuka. Lakini Misago alifia Mishamo akiwa Barakana. Msalaba wake umeandikwa Barakana, cheti cha uraia cha mwanawe kimeandikwa Barakana, na Gaudiose, miaka ishirini na sita ya ndoa, hamjui baba mkwe mwingine.

Sasa Apollinarie afanye nini? Akinyamaza, mzee Libérat atamuumbua mtoto mbele ya watu wa nchi nne, aonekane tapeli aliyejipachika ukoo. Akisema kweli, basi yeye ni mwana wa Misago aliyerudi, na huko Nyamugeri kuna watu wanaolima shamba la Misago kwa miaka zaidi ya hamsini. Jirani yake Arcade alirudi mlimani kwao kusalimia tu. Wiki ya pili alikuwa Mishamo tena, na kovu la panga begani, na tangu hapo hakulizungumzia. Apollinarie hakutaka hata tuta moja la ardhi ile. Ila nani angemwamini?

Bati lililia, na juu yake zeze likatoa mlio mmoja mkavu.

"Baba Aline," Gaudiose aliita kutoka jikoni. "Nani ameweka zeze juani?"

Alitoka nje pole pole. Mke wake alikuwa amelishika, kidole kikiwa kwenye ufa uliotoka kigingi cha pili hadi katikati.

"Nimejisahau," alisema.

"Umejisahau wewe? Wewe usiyeniacha nianike hata shuka karibu na ngozi zako?" Alimtazama vizuri. "Unaumwa?"

"Kidogo."

Aline aliporudi kutoka kisimani alilichukua zeze, akaligeuza, akalinusa. Hakulia.

"Kivulini siku tatu," alisema. "Si maneno yako, baba?"

"Nilijisahau, mwanangu. Labda Mungu hataki twende. Tumwambie mwalimu zeze limeharibika, mwaka kesho tutaona."

"Leo Jumatatu. Tunaondoka Ijumaa." Alihesabu kwa vidole. "Siku tatu zipo."

Alipanda baiskeli saa ile ile. Kesho yake asubuhi na mapema pikipiki ya Machibya ikaingia uani, na ngozi mbichi ya ndama imefungwa nyuma kwenye mfuko wa mbolea. Machibya ni mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akapita Litapunga, akaweka boma nje ya Mishamo. Ngozi na kano zote za mazeze ya Apollinarie zilitoka kwake.

"Mwangaluka, fundi. Nasikia jua limekuzidi akili."

"Mwangaluka."

"Mwenzangu unaenda kwenu." Machibya alishuka, akajinyoosha mgongo. "Mimi nikifika kwetu Meatu naonyeshwa mpaka kaburi la babu wa babu, na ng'ombe gani alichinjwa. Wewe kwenu hasa ni wapi?"

"Rutamba."

Jina lilitoka lenyewe, laini, limezoea njia.

"Basi wasalimie Rutamba. Waambie Msukuma ndiye aliyelivika zeze ngozi."

Aline aliwamba ngozi mwenyewe. Baba yake aliketi pembeni, amedhamiria asimsaidie. Kama ataikosea, basi bahati. Alimwona akiiloweka na kuikwangua mafuta, akiivuta juu ya bakuli kwa magoti na meno. Alikuwa anazidisha kuvuta kushoto. Ikikauka hivyo, uzi utakoroma. Apollinarie alitazama pembeni, akatazama tena.

"Legeza hapo," alisema. "Kigingi cha tatu. Siyo hicho, cha tatu."

Akajikuta amepiga magoti, kidole gumba chake kando ya cha binti yake, na ngozi ikatulia chini ya mikono yao minne. Alijichukia. Aline alikuwa karibu kiasi cha kumnong'oneza. Alifungua kinywa amwambie yote, Misago, Nyamugeri, makofi nyuma ya turubai.

"Kivulini," alisema.

"Najua, baba."

Ijumaa walitoka na bodaboda mbili hadi barabara kuu, wakadaka basi linalotoka Mpanda kwenda Kigoma. Gaudiose alikaa dirishani akila karanga, kila mji akiuliza jina lake. Uvinza alinunua chumvi, eti asije akafika ugenini mikono mitupu. Njiani walibadilisha gari, wakalala Kasulu, kesho yake wakapanda jingine hadi Manyovu, mpakani. Apollinarie hakula kitu. Alikuwa akiombea basi liharibike, kisha akiona aibu kuomba hivyo huku kuna watoto wa watu ndani, akaomba liharibike bila mtu kuumia.

Mpakani, ofisa wa upande wa pili alisoma hati yake taratibu.

"Jina la baba, Barakana. Umezaliwa Rutamba."

"Ndiyo."

"Umeondoka muda mrefu?"

"Tangu sabini na mbili."

Ofisa aliinua macho. Alikuwa mdogo, hakuwa amezaliwa wakati huo. Akagonga muhuri. "Karibu nyumbani, mzee," alisema kwa upole, na Apollinarie alitoka pale, akaegemea ukuta. Gaudiose akadhani ni njaa.

Shule ya Gratien ilikuwa mgongoni mwa mlima. Walifika giza limeingia, wakalala darasani kwenye magodoro pamoja na wageni wengine, na Apollinarie hakuona chochote cha nje. Asubuhi alipotoka kunawa uso, alisimama na kopo mkononi.

Mbele yake, ng'ambo ya bonde, ulikuwa mlima wa Nyamugeri. Hakuhitaji kuuliza. Ule mwinuko uliokatika katikati, kisha mto chini, mdogo sana kuliko alivyoukumbuka, na juu ya mto uwanda ambao mama yake alikuwa akianika ulezi. Sasa palikuwa na nyumba yenye bati jipya, migomba na ng'ombe wawili. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Alitamani kurudi ndani kujifunika blanketi.

Saa tatu watu wakakaa duara uwanjani. Walikuwa kama hamsini, wazee wenye mazeze meusi kwa moshi, vijana wenye ya kununua, wanakijiji waliokuja kutazama. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mwalimu, aliketi mzee mwembamba mwenye fimbo. Gratien, mtu mnene mwenye miwani, alimwinamia na kumwonyesha Aline. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha.

Apollinarie alimshika binti yake mkono.

"Aline. Usijitaje leo. Piga tu."

"Nipige kama mwizi, baba?"

"Nisikilize mimi."

"Tangu Jumatatu iliyopita una kitu," Aline alisema kwa sauti ya chini. "Niambie basi."

Lakini jina lake likaitwa, naye akaenda.

Alisimama katikati na kitenge chake cha sare. Akaegemeza zeze begani. "Mimi ni Aline wa Apollinarie, wa Barakana, wa mlima wa Rutamba." Mzee Libérat akasogea mbele kwenye kiti, uso umekunjamana. Aline akaanza.

Na hapo ndipo Apollinarie alipoliona kosa ambalo hakulifikiria hata mara moja katika siku zote alizokesha. Asubuhi ile kila mpigaji aliyetangulia, mkubwa kwa mdogo, alikuwa ameanza kwa kuvuta uta kuelekea kwake. Aline aliweka ncha ya uta kwenye uzi, akasukuma. Sauti ikaingia kwa kwikwi kidogo, kisha ikafunguka. Ndivyo Apollinarie alivyomfundisha, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, naye alidhani ndivyo zeze linavyopigwa. Misago alibadilisha jina lake na mlima wake. Mkono hakuubadilisha.

Mzee Libérat alifumba macho mpaka mwisho. Watu walipiga makofi. Yeye alisubiri yaishe.

"Umepiga vizuri, mjukuu wangu," alisema kwa Kirundi cha zamani, taratibu. "Lakini Rutamba hatujawahi kuwa na Barakana. Nimehesabu nyumba zote, za waliobaki na za waliokwenda. Na Rutamba hatuanzi kwa kusukuma." Aliinua fimbo, akaielekeza ng'ambo ya bonde. "Mtu mmoja tu alikuwa anaanza kwa kusukuma, na alikaa kule. Nani amekufundisha?"

Aline alisimama na uta umening'inia. Watu walianza kunong'ona, na msichana mmoja wa kando akacheka kidogo.

"Baba," alisema.

Nyuso hamsini zikageuka.

Apollinarie angeweza kusema kwamba alijifunza kambini kwa mtu asiyemjua. Uongo ulikuwa tayari, laini kama ule wa miaka yote. Akamtazama Aline, macho yamemjaa machozi na bado hajaondoka katikati ya duara, amesimama pale pale alipoambiwa asimame. Apollinarie akainuka.

"Mtoto hana kosa," alisema. "Mwongo ni mimi. Mimi ni mwana wa Misago, wa Nyamugeri. Barakana ni jina la kukimbilia. Sikumwambia mtoto, sikumwambia hata mama yake." Akaongeza haraka, akiwatazama wanakijiji zaidi kuliko wageni, "Sikuja kudai kitu. Nimemleta mtoto apige zeze, basi. Jumamosi tunaondoka."

Gaudiose alikuwa bado ameketi karibu na miguu yake.

"Basi mimi nimeolewa na nani?" aliuliza polepole, kama anajiuliza mwenyewe.

Mzee Libérat alijikongoja, akaja hadi alipo Apollinarie, akamshika taya kwa vidole vikavu na kuugeuza uso wake kwenye mwanga. "Misago alipiga harusini kwangu," alisema. "Tulidhani aliishia mtoni. Na wewe ulikuwa unapanda mti wetu wa ndimu."

Nyuma ya duara mtu wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira aliweka chini galoni la maziwa aliloleta kwa ajili ya jikoni. Alimtazama Apollinarie. Kisha akageuka, akashika njia ya kuteremka bondeni, akitembea haraka bila kukimbia.

"Huyo ni nani?" Apollinarie alimuuliza Gratien.

"Anatuletea maziwa."

"Anakaa wapi?"

Gratien alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Pale juu ya mto," alisema. "Penye bati jipya."

Gaudiose alisimama, akapangusa vumbi kwenye kitenge, akaja kusimama ubavuni mwa mume wake. Hakumshika mkono. Alisimama tu, karibu kiasi kwamba mikono ya nguo zao iligusana, wote wawili wakimfuata kwa macho yule mtu. Alifika mtoni, akaruka mawe, akaanza kupanda upande wa pili, mdogo, mdogo zaidi, hadi mlangoni mwa ile nyumba.

"Arudie," mzee Libérat alisema nyuma yao, ameketi tena. "Mtoto arudie tangu mwanzo. Ajitaje sawasawa."

Aline alimtazama baba yake. Apollinarie alitikisa kichwa kukubali, bila kuondoa macho ng'ambo.

"Mimi ni Aline wa Apollinarie," alianza, na sauti yake haikuwa na tabasamu safari hii, ilikuwa ikipapasa. "Wa Misago. Wa mlima wa Nyamugeri."

Ncha ya uta ikagusa uzi. Kule ng'ambo watu wanne walikuwa wametoka nje, mmoja wao bibi kizee aliyeweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. Walisimama wakitazama upande wa shule. Kisha wakaanza kuteremka, wote wanne, bila haraka, na yule wa mbele alikuwa na kitu kirefu begani ambacho kwa umbali ule Apollinarie hakuweza kutambua kama ni silaha au ni zeze.